Chanzo cha Nile, Jinja: boti nzuri, samaki wa kusubiri

Nimefika Chanzo cha Nile mara mbili tangu korona ianze kutulegezea kamba, na wateja wangu wananiuliza kama inafaa kwenda. Inafaa. Ila safari ya kwanza na ya pili hazikufanana hata kidogo, kwa hiyo nitazisimulia zote mbili, kila mtu ajipimie.

Mimi nauza vitenge Kampala, kwenye jengo la maduka katikati ya mji, chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Nilizaliwa Jinja, kambini, baba akiwa mwanajeshi, ndiyo maana naandika kwa lugha hii ambayo majirani zangu wa Kampala bado wanaiita ya askari. Mwisho wa Machi 2020 tulifungiwa. Wauza chakula walibaki sokoni, wengine wakilala humo humo chini ya vyandarua, sisi wa nguo tukarudi nyumbani kutazamana na watoto. Mei nilikula kwa vipande vya vitenge nilivyoshona barakoa. Majengo ya maduka yaliporuhusiwa, tarehe 27 Julai, nilisukuma mlango nikakuta bale la chini limeota ukungu, na karatasi ya kodi ya chumba imepenyezwa chini ya mlango. Miezi minne, kamili, bila hata shilingi moja ya huruma.

Kwa hiyo mtu akiniambia "tumefungua kwa kufuata masharti," najua maneno hayo yanaweza kubeba nini. Kwetu yalibeba jerikeni la maji lenye bomba mlangoni, kijana mwenye kipimajoto cha bastola, na daftari ambalo wateja waliandika majina ya wachezaji wa Arsenal na namba za simu zenye tarakimu saba. Ndani, kwenye ngazi, tulibanana kama kawaida. Jicho langu kwa mambo haya ni la mtu aliyeyatenda mwenyewe.

Safari ya kwanza ilikuwa Ijumaa tarehe 9 Oktoba 2020, sikukuu ya Uhuru. Binti yangu alikuwa darasa la saba, na watahiniwa walikuwa wameambiwa warudi shule tarehe 15. Karibu miezi saba amekaa na kaka zake katika vyumba viwili. Nilimwahidi siku moja ya kuona maji mengi kabla hajarudi kwenye hesabu.

Taksi, ile Wakenya wanayoiita matatu, ilibeba watu saba badala ya kumi na wanne. Nauli iliyokuwa 10,000 ikawa 20,000, maana yake kila abiria alilipia pia kiti cha jirani asiyekuwepo. Tulikaa kimya kwa heshima ya ugonjwa mpaka Lugazi na miwa yake, mpaka ndani ya msitu wa Mabira. Pale Najjembe wauzaji wa kuku wa vijiti na gonja, zile ndizi za kuchoma, wakakimbilia madirishani kama zamani, barakoa kidevuni, na abiria wote saba wakavua zao wakaanza kutafuna. Na mimi pia. Gonja ya moto ya Najjembe haina mjadala.

Daraja jipya la nyaya, lile lililozinduliwa Oktoba 2018, lilikuwa bado halipigwi picha, askari walikuwepo. Mjomba alitupokea ng'ambo. Yeye ni mstaafu wa jeshi, anaishi Jinja hadi leo, na alikuwa amevaa barakoa ya kitenge niliyomtumia, kapiga pasi na shati. Boda ziliruhusiwa abiria mmoja mmoja, na mwisho wao saa kumi na mbili jioni, hivyo tulichukua tatu. Wa kwangu alitoa daftari la shule kutoka ndani ya koti, akaandika jina na simu yangu kwanza, ndipo akawasha pikipiki. Mjomba alitaka wa kwake aandike na cheo.

Bustani ya Chanzo ilikuwa tupu. Sijawahi kuiona hivyo. Nilipokuwa mtoto Jumapili mabasi yalijaa pale, na miaka ya karibuni yalikuwa magari ya watalii. Mwaka 2019 wageni walioingia Uganda walikuwa karibu milioni moja na nusu. Sasa uwanja wa ndege wa Entebbe ulikuwa umefunguliwa wiki moja tu iliyopita. Mbuga za nyikani zilikuwa zimetangulia kufunguliwa, gorila wa Bwindi wakafuata Septemba, lakini nani angeruka kuja? Kati ya vibanda vyote vya vinyago na vikapu, viwili tu vilikuwa wazi. Mama mmoja aliyekuwa akifuta vumbi kwenye ngoma ndogondogo aliniambia mzungu wake wa mwisho alimwona Machi. Tulilinganisha bei za barakoa, tukagundua sote wawili tuliokolewa na mabaki ya vitambaa. Aliniuzia kikapu kwa bei ya shilingi, akacheka, akasema kilikuwa na bei ya dola mpaka juzi.

Kiingilio changu kama Mganda hakikufika hata bei ya sahani ya chipsi. Sanamu ya Gandhi iko palepale, kwa sababu sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapa mwaka 1948. Binti alisoma kibao chote kwa sauti, kama watahiniwa wanavyosoma kila kitu.

Sasa boti.

Huko chini ufukweni boti zilikuwa nyingi kuliko watu, na wenye boti walitukimbilia kama wale wa gonja. Mmoja hakukimbia. Alikuwa ameinama juu ya beseni la maji ya sabuni, anafua majaketi okozi. Yale majaketi ya rangi ya chungwa alikuwa nayo mafungu mawili: moja limeanikwa kwenye kamba kati ya miti miwili, linachuruzika, jingine limekaushwa na kukunjwa kwenye kiti. Nikamuuliza kwa nini mafungu mawili. Akasema wakirudi hawa, yanaingia kwenye beseni, hawa wengine wanavaa makavu. "Mama, hili linakaa shingoni, karibu na mdomo. Nikunyunyizie sanitaiza mkononi halafu nikuvalishe jasho na mate ya mtu?"

Nilimpenda papo hapo.

Boti yake ni ya mbao, ya watu kumi na wawili. Viti sita alikuwa amevichora alama ya msalaba kwa rangi nyeupe, mmoja mmoja kwa zamu, mistari imechuruzika kidogo kwa sababu, alivyokiri mwenyewe, brashi ilikuwa ya kupakia ukuta. Alianzia 60,000 kwa sisi watatu, tukamalizia 40,000. Tukiwa tunavaa majaketi likaja kundi la vijana tisa kutoka Kampala na spika yao ya muziki, wakataka waungane nasi. Mmoja alitoa noti ya elfu hamsini akaipunga.

"Hapa wanapanda sita. Watatu tayari," nahodha akasema. "Nyinyi nitawapeleka mara mbili, kwa bei ya mara moja na nusu."

"Kaka, tuko nje, kuna upepo!"

"Upepo upo. Mkikaa paja kwa paja utapitia wapi?"

Wakaenda boti ya pili, ikawabeba wote tisa na spika. Tuliwaona baadaye katikati ya mto, wamerundikana upande mmoja kupiga picha, boti imeinama. Nahodha wetu alipunguza moto akaacha nafasi kubwa kati yetu na wao. Hakusema kitu. Mjomba ndiye aliyesema, lakini maneno yake siyaandiki.

Mto ulikuwa umejaa kupita nilivyoukumbuka. Mei ile Ziwa Victoria lilifikia kipimo cha mita 13.42, na kuivunja rekodi ya 1964 kwa sentimita moja. Miti ya ukingoni ilisimama majini mpaka kiunoni, na sehemu nilizozoea kukanyaga utotoni zilikuwa chini yetu. Nahodha alituonyesha kwa kidole: pale palikuwa na njia, pale watu walikuwa wakikaa kunywa soda. Akasimulia pia visiwa vinavyoelea, yale mafungu ya majani na udongo yaliyokatika ziwani kwa sababu ya maji kupanda. Kimoja kiliteremka Aprili mpaka kwenye mitambo ya umeme, nchi nzima ikazimika. Nikakumbuka usiku ule Kampala: kufungiwa, kafyu, na giza juu yake.

Mnandi weusi walikaa juu ya matawi makavu wametandaza mabawa kama nguo zilizoanikwa. Mdiria mmoja, wa madoa meusi na meupe, alisimama hewani juu ya maji, akipiga mabawa bila kusonga, halafu akajitupa kichwa chini. Binti alipiga kelele. Nahodha akazima injini kabisa ili tumwone akirudia, na alirudia, mara mbili akakosa, ya tatu akapata. Dakika kumi hivi za kusikia maji tu. Katika siku za mabasi, nani angekuzimia injini?

Pale penyewe, ambapo ziwa linakuwa mto, utaona maji yanachemka kutoka chini kwa mapovu ya duara. Waongozaji husema asilimia 30 ya mto hutoka kwenye chemchemi za chini. Hesabu hiyo namwachia mwenye kipimo chake. Maporomoko ya Ripon, aliyoyaona msafiri Mwingereza Speke tarehe 28 Julai 1862, huyaoni tena: bwawa la Owen Falls lilipokamilika 1954 maji yaliyafunika. Mnara wa Speke uko ukingo wa pili. Mjomba hapendi uitwe mnara wa mgunduzi. Alimwambia binti yangu kwamba msafara wa yule Mwingereza uliongozwa na Sidi Mubarak Bombay, na kwamba Kiswahili kilifika mto huu kabla ya bendera yoyote ya Uingereza. "Mwalimu akikuuliza, mjibu hivyo." Binti akauliza kama itakuwa kwenye mtihani. Haikuwa.

Nahodha alitupa maelezo yote kwa Kiswahili, kwa utani, bila kukariri. Wakati wa kufungiwa alirudi kuuza dagaa Masese, mwalo wa samaki wa Jinja, injini ikakaa chini ya turubai, na panya wakala mpira wa mafuta. Boti si yake. Kila alichopata aligawana na mwenye boti. Nilimwongeza elfu kumi bila kuombwa, na mnaonijua mnajua hilo si jambo dogo.

Mkahawa sitautaja jina, kwa sababu mpishi hana kosa. Ulikuwa na ukaguzi mkali kuliko yote tuliyoona siku hiyo. Mlinzi alinielekezea kipimajoto kwenye paji la uso, kikasoma 32.4. Mjomba 31.9. Kwa vipimo hivyo tulipaswa kupelekwa mochwari, lakini yeye aliandika 36.5 kwa kila mtu, safu nzima ya daftari, kwa mwandiko mzuri sana. Meza zilikuwa mbalimbali, viti vya ziada vimefungwa kamba, hapo hongera. Halafu mhudumu akaja, barakoa kidevuni, akainama katikati yetu kutusomea vyakula kwa sababu kadi za bei zimeondolewa zisishikwe. Alisoma kumi na viwili. Kila tulichoagiza, hakuna. Kilichokuwepo ni samaki na chipsi.

Tulisubiri saa moja na robo. Baa zilikuwa bado zimefungwa nchi nzima, lakini meza ya jirani walikuwa wakinywa chai kwa wingi wa ajabu kwa mchana wa joto vile, chai isiyotoa moshi na yenye povu juu ya kikombe. Mjomba aliagiza na yeye. Alisema majani yake ni mazuri.

Samaki alipofika nilisamehe nusu. Ngege mzima, kachanjwa ubavuni mistari mitatu, chumvi imeingia mpaka mfupani, ngozi inavunjika kama chapati ya jana iliyokaushwa juu ya mkaa, nyama ndani nyeupe na bado ina maji. Ndimu, kachumbari ya vitunguu vyekundu, pilipili pembeni. Alitoka Masese asubuhi ile, na ulimi haudanganyiki. Tulimaliza mpaka mashavu ya kichwa, tukanyamaza.

Bili ndiyo iliturudisha duniani. Samaki 35,000, sawa. Chini yake: "sanitaiza, watu 3, shilingi 6,000." Nikaita meneja. Dada mmoja mpole akaja, akasema ni gharama za masharti. Nikamwambia dada yangu, na mimi nina jerikeni mlangoni, na sabuni, na kijana ninayemlipa, na sijawahi kumpigia mteja hesabu ya kunawa. Gharama hiyo weka ndani ya samaki, nisiione. Akaifuta kwa kalamu. Meza ya chai baridi walilipa, sikuona wakilalamika.

Tulirudi Kampala kabla ya kafyu ya saa tatu, binti amelala begani kwangu kuanzia Mabira.

Baada ya hapo mnajua. Juni 2021 tukafungiwa tena, siku 42, usafiri kati ya wilaya ukakatwa, duka likafungwa, ukungu ukarudi kwenye mabale. Shule zilifunguka tarehe 10 Januari 2022, na tarehe 24 mwezi huohuo baa na maisha ya usiku yakaruhusiwa. Binti akaingia bweni, kidato cha kwanza.

Februari 2022 nilimpeleka mteja wangu wa Butembo. Kwa miaka miwili alikuwa akiagiza vitenge kwa picha za simu na kulipa kupitia dereva wa lori, na sasa amekuja mwenyewe kuvishika. Anaongea Kiswahili cha Kongo, kitamu, na akiwa na jambo la haraka anapiga simu kwa Kifaransa. Tulikwenda Jumapili, na hilo ni kosa langu.

Bustani ilijaa. Muziki kutoka pande tatu, kila upande na wimbo wake. Sikatai furaha ya watu, walikuwa wamefungiwa kama mimi, na yule mama wa vikapu alikuwa na foleni na kikapu kama changu kimerudi kwenye dola. Ufukweni nilimtafuta nahodha wangu nikampata, boti ileile. Ile misalaba ya viti ilikuwa imepakwa rangi ya bluu juu, lakini kwa mwanga wa pembeni unaiona bado, pamoja na ile mistari iliyochuruzika. Tulipanda kumi na wanne. Jaketi langu lilikuwa bichi mgongoni na lilinukia mtu mwingine. Beseni sikuliona.

Kabla ya kupanda, kijana mpya wa kukusanya pesa alimsikia mwenzangu akiongea Kifaransa kwenye simu, akamtajia bei kwa dola. "Ndugu, mie natokea hapa tu, Butembo," akamwambia, "dola weye unaiona wapi kwangu?" Ilichukua robo saa na nahodha mwenyewe kuingilia ndipo tukalipa sawa. Nahodha hakuniangalia usoni vizuri. Baadaye, tukiwa majini, alisema polepole kwamba mwenye boti amemwambia deni la miaka miwili halilipwi kwa viti vitupu. Nilielewa. Mimi mwenyewe nimepandisha kitenge kwa elfu tano tangu Januari, na kijana wangu wa mlangoni nimemwachisha kazi.

Hata hivyo injini haikuzimwa. Mdiria alikuwepo, nilimwona kwa mbali juu ya vichwa.

Kwa hiyo: boti ile, siku ya kazi, asubuhi kabla ya saa nne, naipa nyota tano, na uulize yule mwenye beseni, akiwa na watu wachache nadhani atalitoa tena. Jumapili, nyota mbili na nusu. Mkahawa, samaki nyota tano, mengine yote moja, na soma bili kabla ya kufungua pochi. Mwenye watoto aangalie jaketi limefungwa mpaka chini, maana ya wadogo ni machache.

Mwenzangu yeye hana malalamiko. Alijaza chupa ndogo ya maji pale kwenye mapovu, akaifunga vizuri katikati ya vitenge. Siku mbili baadaye alinipigia kutoka Mpondwe, mpakani, anacheka mpaka anakohoa. Afisa amefungua mzigo, amekuta chupa, anauliza ni dawa gani.

"Nimemwambia ni maji ya Misri," akasema, "yamepotea njia kidogo."